Kigae cha Mama na Jiwe la Barafuni

Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu kutoka maabara. Mafundi wa rangi wamefika, alisema, makabati yanahamishwa, na juu ya rafu iliyo karibu na hadubini kubwa wamekuta kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, chekundu pembeni na cheusi katikati. "Bi Siwema, tukitupe?"

Nilikuwa barazani hapa Ruaruke nabangua korosho, vidole vimejaa mafuta ya maganda. Nilimjibu kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumjibu nayo kijana aliyeuliza kwa adabu. Baadaye nikaona kosa si lake. Nimestaafu, nimeaga, nimekula keki yenu yenye sukari nyingi, nikaondoka bila kumweleza mtu yeyote kigae kile kinafanya nini kati ya mawe yaliyotoka mbinguni. Basi haya ndiyo maelezo yake. Yamekuwa marefu kuliko kigae chenyewe, na ili yaeleweke itabidi nianzie mbali.

Vyeo na mishahara naviacha. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa kama mvua za vuli, na mishahara mnaijua.

Siku yangu ya kwanza nilifika maabara na shahada ya jiolojia ndani ya bahasha na viatu vipya miguuni. Aliyenipokea ni Mzee Shabani, fundi mkata mawe, Mnyamwezi wa Tabora aliyewahesabu watu wote wa pwani kuwa watani wake. Alitazama viatu kwanza, ndipo akatazama uso.

"Umetoka wapi, binti?"

"Rufiji. Ruaruke." Siku hizo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji.

"Mtani huyo! Kwenu kuna jiwe hata moja?"

Alikuwa amegonga palepale. Nimekulia mahali ambapo mtoto akitaka kuangua embe hurusha kidaka cha nazi, kwa sababu jiwe halipo. Bondeni kwetu mto ukifurika huleta tope, ukipungua huacha tope, na watu hupanda mpunga na mahindi juu ya tope hilo wakashukuru. Jiwe la kunolea panga tulilokuwa nalo lilitoka mbali, na majirani walikuja kuliazima kwa salamu ndefu.

"Hatuna," nikasema. "Tuna tope."

"Basi leo utaonana na wageni."

Kazi aliyonifundisha mnaijua, lakini ninyi mlikuta mashine inayofanya nusu yake. Sisi tulikata ubapa wa jiwe, tukaugandisha juu ya kioo kwa gundi, kisha tukausaga kwa mkono juu ya bamba zito la kioo, kwa unga wa kusagia na maji, mkono ukichora namba nane. Unasaga hadi jiwe linakuwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hapo ndipo jiwe linapofunguka. Kitu kilichokuwa kijivu na kimya mkononi kinawaka chini ya hadubini, kijani, waridi, buluu, kama kanga zilizoanikwa siku ya Idi. Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi kuzoea dakika ile.

Mawe yangu ya mwanzo niliyasaga hadi yakaisha. Kioo kilibaki kitupu, safi. Mzee Shabani alikiinua dirishani akakitazama.

"Umekula jiwe la serikali," alisema. "Limekushibisha?"

Alinifundisha kusikiliza. Unga ukiwa mnene, sauti ni ya mchanga ndani ya wali. Ukiwa mwembamba, ni sauti ya mtu anayesugua viganja kwa baridi. Na alinifundisha kusimama: ukiona chembe za mchanga mweupe zimeacha unjano chini ya vichujio vya mwanga vya hadubini na zimekuwa za kijivu, kama maji ya kuoshea mchele, acha hapo hapo, hata kama umeitwa kula. Mkono ukipita hapo umeingia katika tamaa. Alipostaafu aliniachia lile bamba la kioo, limechimbika katikati kwa mikono yake. Mungu amrehemu. Bamba mnalo bado, na msiwekee sufuria ya chai juu yake, nimeona.

Macho yangu yalifundishwa na mtu mwingine. Dokta Anselmi alikuwa mkuu wa maabara, mtu wa Makete, mrefu, mpole, mwenye sweta hata Januari. Walimu wengine walianza na kitabu cha majina ya madini. Yeye alikifungia kabatini, akaweka penseli mezani.

"Chora kwanza," alisema. "Jina baadaye."

"Dokta, mimi si mchoraji."

"Vizuri. Wachoraji hupamba."

Nilichora kwa mwezi mzima kabla hajaniruhusu kutaja jina la chembe yoyote. Aliamini kwamba ukishalipa jiwe jina, macho yanakwenda kulala. Ninyi mnapiga picha, na picha ni nzuri, lakini picha haikulazimishi kuamua mstari unaishia wapi. Penseli inakulazimisha. Kama kuna jambo moja mtakalolichukua humu, chukueni hilo.

Miaka mingi ilipita kwa mawe ya kawaida: mawe ya visima, ya madaraja, ya watu walionunua almasi njiani wakaja kuambiwa ni chupa. Kuambia watu habari za namna hiyo ni nusu ya kazi, na hakuna chuo kinachoifundisha. Nakumbuka baba mmoja aliyetoka Nyamisati na bonge jeusi ndani ya kikapu, limefunikwa kwa kanga kama mtoto mchanga.

"Kimondo," alisema. "Kilishuka na moto. Watu wameona."

Nilikata ukingo kidogo, nikatazama, nikamwita akae. "Baba, hiki ni chuma cha injini. Kimeyeyuka. Labda boti iliungua."

Akafikiri. "Basi ni injini iliyoshuka kutoka mbinguni."

"Inawezekana. Lakini sisi tunapokea mawe tu."

Alicheka, akalifunika tena bonge lake kwa uangalifu uleule, akaondoka na heshima yake nzima. Mtu akikuletea kitu alichokiamini, usimrudishie bila kukifunika.

Kisha likaja jiwe la barafuni.

Dokta Anselmi alikuwa ameshastaafu kwa karatasi na yupo kwa mkataba wa kuongezwa, alipoalikwa kujiunga na msafara wa wanasayansi wa nchi nyingine kwenda Antaktika kutafuta vimondo. Kule ni rahisi kuvitafuta, kama mtu anaweza kutumia neno rahisi kwa mahali pale. Vimondo huanguka duniani pote, lakini Rufiji vinazama kwenye tope na porini vinafichwa na majani. Barafuni hakuna tope wala jani. Barafu huvibeba polepole kwa miaka isiyohesabika, upepo unaipangusa, na jiwe jeusi linabaki juu ya weupe, linaonekana kama chawa kwenye shuka.

Alirudi midomo imepasuka na uso umeungua.

"Kukoje?" tulimuuliza.

"Kama Makete. Ila hawana viazi."

Lakini aliponivuta pembeni hakufanya mzaha. Aliniambia ameokota kimondo kwa mkono wake, yaani kwa koleo safi, maana mkono hauruhusiwi. Kidogo, cheusi, kama korosho iliyoungua. Alipiga magoti mbele yake. "Siwema," alisema, "nililitazama nikajua. Lile jiwe halijaguswa na kitu tangu jua lizaliwe."

Vimondo vya msafara ule hutunzwa kwenye nyumba moja ng'ambo, yenye ubaridi na hewa kavu. Watunzaji walikubali kutuazima hiki tukiainishe sisi: tuseme ni cha ukoo gani, tupeleke maelezo kwa kamati inayoidhinisha majina ya vimondo, na kamati ikikubali jina linabaki hilo. Hakuna maabara ya kwetu waliyowahi kuiazima jiwe la barafuni. Barua yao ilikuwa ya adabu sana, ila maana yake ilikuwa wazi: tukifanya vizuri mengine yatakuja, tukikosea asanteni na kwaherini. Kwa hiyo vitu viwili vilikuwa ndani ya ile korosho nyeusi. Cha kwanza ni mlango wa maabara yetu. Cha pili ni neno la mwisho la mwalimu wangu, kwa sababu alikuwa amesema wazi kwamba baada ya jiwe hili anarudi Makete kupanda miti.

Niwaeleze kidogo ukoo wenyewe kwa ajili ya wageni wa kazi hii. Vimondo vya kaboni ni vyeusi kwa sababu vina kaboni, na ni vya kale kuliko jiwe lolote la duniani. Ndani yake mna vidonge, yaani vitone vya mawe yaliyoyeyuka angani yakaganda, vimezungukwa na vumbi laini jeusi. Baadhi ya vimondo hivi, katika mwamba mama vilikotoka, viliwahi kulowa maji, na vumbi lake likageuka kuwa madini ya udongo, ndugu wa mbali wa udongo wa mfinyanzi. Vingine havikulowa. Hivyo vikavu, ambavyo havikulowa wala kupata joto, ndivyo kila mtu anavyovitamani. Ni kama kukuta unga wa mahindi yaleyale ya kwanza, kabla ya mtu kutia maji na kusonga ugali.

Dokta Anselmi alitaka lake liwe hilo.

Kulikata kulinipa homa. Maji hayaruhusiwi, kwa sababu jiwe la namna hii lina chumvi zinazokimbia kwa tone moja. Mimi, niliyefundishwa kusaga kwa maji kama mwanamke anayeosha mchele, nilikata kwa uzi mwembamba wa chuma, kavu, polepole, nikasaga kavu kwenye bamba la Mzee Shabani, nimeshika pumzi. Sikulila jiwe la serikali. Safari hii lilikuwa la serikali nyingine.

Kisha nikachora. Siku nzima sikutaja jina.

Vidonge vilikuwepo, vidogo. Lakini kingo zake hazikuwa kali. Zilikuwa zimelika, kama kingo za matuta ya mpunga baada ya mto kupita. Vingine vilibaki kivuli tu: duara unaliona, ukitafuta ndani yake kidonge hakipo, kimejazwa kitu kingine laini. Nimekulia bondeni. Najua sura ya kitu kilichokaa ndani ya maji.

Siku hiyohiyo majibu ya kipimo cha maji yalitoka. Makombo machache ya jiwe yalipashwa moto ndani ya chombo kilichofungwa ili kupima maji yanayotoka. Hakikutoka kitu cha maana. Dokta Anselmi aliingia na karatasi mkononi, hatua zake ni za kijana.

"Kavu," alisema. "Kavu, Siwema! Andika ukoo mkavu."

Nilimsogezea mchoro. Aliutazama muda mrefu. Hakuwa mtu wa kudharau mchoro.

"Kingo zimelika," nikasema.

"Barafu. Limekaa barafuni muda mrefu, limepata kutu."

"Kutu huanzia nje, Dokta. Hapa ni katikati ya jiwe, na ni sawa kila mahali."

"Maji yako wapi basi?"

"Yalikuwepo. Yameondoka."

"Yameondokaje?"

"Kwa moto. Jiwe lililowa likawa udongo, halafu likapikwa huko huko lilikotoka, kabla halijafika kwetu. Udongo ukipikwa haurudishi maji."

Alivua miwani. Sauti yake haikupanda, haikuwahi kupanda. "Litazame. Ni jeusi tii. Kaboni ikipata moto inaungua, inakwenda. Kama lilipikwa kiasi cha kukausha udongo wote, weusi huu umebakije?"

Nilijua nilichokiona, na nilijua swali lake ni la haki. Kazi hii ina siku za namna hiyo, na nawaombea mzipate, ila si nyingi. Alinipa hadi mwanzo wa wiki. Baada ya hapo maelezo yangekwenda kwa kamati, ukoo mkavu, majina yetu wawili chini yake.

Nilipanda basi la Kibiti. Sikwenda kutafuta jibu. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa zamu yangu kumpelekea mama dawa zake za presha. Kutoka Kibiti nikachukua bodaboda hadi nyumbani, na kabla hatujafika niliuona moshi. Mama anachoma vyungu.

Mama yangu, Bi Tatu, ni mfinyanzi, kama mama yake. Vyungu hupangwa uwanjani vimeinamishwa, hufunikwa kwa kuni, makumbi ya nazi na mabua ya mpunga, kisha moto. Kwetu siku hiyo ina adabu zake. Anayepita hutupia kumbi moja motoni ndipo asalimie, maana salamu mikono mitupu ni ya mtu aliyekuja kutazama tu. Na ni mwiko kuuliza kama vyungu vimeiva. Neno hilo halitamkwi karibu na moto mpaka mwenyewe mfinyanzi aseme. Mama anaamini swali hilo hupasua vyungu. Mimi nimesomea joto na nyufa na najua halipasui chochote. Sijawahi kuliuliza.

Nilitupia kumbi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula hayo mawe?"

"Tunayatazama tu."

"Ndiyo maana umekonda."

Nikakaa naye upande usio na moshi. Chungu kimoja kilipasuka ndani ya moto, pah, kama mtu aliyepiga kofi ukutani. Mama hakugeuka. "Yule hakukauka," alisema. "Nilimwona toka jana, ana kiburi." Alasiri, moto ulipolala na yeye akasema vimeiva, tulivitoa kwa fimbo, na vipande vya kile kilichopasuka akanisukumia kwa mguu pamoja na mchi.

"Kaponde."

Hii ndiyo kazi niliyokulia. Vigae vya vyungu vya zamani hupondwa vikachanganywa na udongo mbichi ili vyungu vipya visipasuke. Nimeponda vigae kabla sijajua kusoma. Nilishika kipande kimoja kinene cha kitako, nikakigonga kikavunjika vizuri katikati, na mkono wangu ukabaki juu.

Pembeni kilikuwa chekundu. Katikati kilikuwa cheusi tii.

Nilikuwa nimeviona vigae vya namna ile maelfu kwa maelfu na sikuwahi kukitazama hata kimoja.

"Mama, mbona katikati pamebaki peusi?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa mbona maji yana unyevu. "Weye na shule yako yote! Moto umefika, hewa haijapata mlango. Weusi utatoka vipi?"

"Lakini hapa peusi moto umefika kweli?"

"Tia majini uone, kama una mashaka na mie."

Nilitia. Katika beseni moja nikaweka bonge la udongo mkavu usiochomwa na ule moyo mweusi wa kigae, nimeuchokonoa peke yake. Bonge lilianza kutoa mapovu, likalegea, likawa uji. Moyo mweusi ulikaa chini ya maji, mgumu, umetulia, haukupoteza hata chembe. Ulikuwa umepikwa kabisa. Udongo wa bondeni una mizizi na majani yaliyooza, ndiyo kaboni yake, na kaboni haiungui kwa moto peke yake. Inahitaji hewa. Pasipo hewa inapikwa pamoja na udongo na inabaki palepale, nyeusi.

Na kule mwamba mama wa lile jiwe ulikokuwa, hewa itoke wapi?

"Mbona unacheka?" aliuliza mama.

"Nimepata jibu la Dokta wangu."

"Basi maliza kuponda. Jibu halichanganyi udongo."

Nilimaliza kuponda. Kigae kimoja nilikifunga kwenye kanga.

Asubuhi ya mwanzo wa wiki nilimkuta Dokta Anselmi mezani, maelezo yamechapwa tayari, kalamu pembeni. Niliweka kigae mbele yake, nikaweka penseli.

"Chora, Dokta."

Alinitazama, akatazama kigae, akatabasamu kidogo kwa ile jeuri yake mwenyewe kurudishiwa. Akachora. Alichora vizuri kuliko mimi siku zote. Alichora mstari mahali wekundu unapokutana na weusi, akasita hapo, akakigeuza kigae, akauchora tena. Nilisubiri mpaka penseli ikalala.

"Jina?" nikauliza.

"Udongo uliochomwa."

"Wote?"

Aliugusa moyo mweusi kwa kucha, akaugonga, akausikiliza. "Wote."

Alikizungusha kigae mwangani, wekundu kisha weusi. Nje mtu alikuwa anafagia korido. Kisha akasema, taratibu, kama anayemsomea mtu mwingine, "Hewa haikufika katikati." Akakirudisha mezani. "Na kule juu haipo kabisa."

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilimwona amezeeka mbele yangu. Aliitazama trei ya jiwe lake ndani ya kabati la kioo, ile korosho aliyoipigia magoti.

"Nilidhani ni bichi, Siwema. Halijaguswa."

"Limelowa na limepikwa, Dokta. Limepitia mengi kuliko hayo mabichi. Halijapungua."

"Hayo ni maneno," alisema, na macho yake yakaanza kurudi. "Kigae kinasema inawezekana. Hakisemi ndivyo ilivyokuwa. Kamati haiwezi kuidhinisha chungu cha mama yako."

Alikuwa sahihi, na nilifurahi kuona kwamba huzuni haijamnyang'anya kazi yake. Tulikuwa na unga kidogo wa jiwe uliobaki. Tuliupeleka kwenye mashine ya eksirei, ile inayosoma jinsi madini yalivyojipanga bila kuyaharibu. Pamoja nao nilipeleka unga wa udongo mbichi wa Ruaruke na unga wa kigae, tuone mama na moto wake wanafanya nini kwenye udongo. Udongo mbichi ulionyesha vilele vyake wazi kwenye mchoro wa mashine. Kwenye kigae vilele vya udongo vilikuwa vimebomoka. Unga wa jiwe haukuwa na kilele hata kimoja cha udongo ingawa vivuli vya vidonge vilisema udongo ulikuwepo. Mahali pake palikuwa na kilima kipana, hafifu, na madini mapya ya chembe ndogo mno, yale yanayozaliwa udongo unapopikwa sana. Mchoro na kipimo cha maji havikuwa vinagombana. Vilikuwa vinasimulia sehemu mbili za safari moja.

Dokta Anselmi alichana maelezo ya zamani mwenyewe, akaketi, akaandika mapya kwa mkono. Aliandika kwamba kimondo hiki ni cha ukoo uliolowa, na kwamba baadaye kilipata joto kali likafukuza maji yake. Aliandika bila kusita. Nimewaona watu wakisaini mambo mengi, lakini sijaona sahihi iliyonyooka kama ile.

Kamati ilirudisha swali moja tu: kama jiwe lilipata joto kiasi hicho, weusi wake umebakije? Dokta alicheka hadi akavua miwani. Jibu alilolituma lilikuwa na aya mbili na picha tatu za eksirei. Kigae hakikutajwa. Jina likaidhinishwa, na haukupita muda mrefu nyumba ile ya ng'ambo ikatuma kasha lingine, kisha lingine. Mawe ya barafuni mnayoyasaga leo, mkilalamika kwamba ni mengi, yaliingia kwa mlango huo.

Kwa hiyo kigae si takataka. Kiwekeni rafuni na kila mgeni akipewe achore kabla hajagusa kabati la vimondo. Rangi pakeni ya namna mnayotaka.

Limebaki jambo moja, halihusu maabara. Kabla ya kurudi Makete kwenye miti yake, Dokta Anselmi aliomba nimlete Ruaruke amwone mfinyanzi. Tulifika siku ya moto. Njiani nilikuwa nimemweleza habari ya kumbi na habari ya mwiko, na alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza masharti ya kushika sampuli. Alishuka kwenye bodaboda na sweta lake katika lile joto, akaokota kumbi, akalitupia motoni vizuri, ndipo akainama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba." Mama alimtazama juu hadi chini. "Ndiye huyu wa jiwe?"

"Ndiye, Mama," nikasema.

"Aliyedhani ni bichi."

"Nilidhani," alikiri Dokta.

Moto ulikuwa unawaka katikati yetu, vyungu viko ndani. Mama alitumbukiza fimbo yake kwenye makaa, akayasogeza, na bila kunitazama akasema neno ambalo maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitamka moto ukiwa bado unawaka.

"Na sasa? Limeiva?"

Dokta Anselmi alinigeukia. Alikuwa anaukumbuka mwiko, nilimwona akiupima. Kisha akamgeukia mama.

"Limeiva, Mama. Zamani sana, kabla yetu."

Mama aliitikia kwa kichwa, akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Basi kaa," alisema. "Hivi bado."